Claude Shannon: Mtu aliyeipa swichi kumbukumbu

Anayeteremka kutoka Mlima Makerere kuelekea Wandegeya saa ya watu kurudi majumbani huona jambo lile lile kila jioni. Taa za barabarani huwaka kijani upande mmoja, zikageuka rangi ya chungwa, kisha nyekundu, na zamu ikahamia upande wa pili. Katikati ya makutano husimama askari wa usalama barabarani mwenye sare nyeupe, na mkono wake ndio unaotiiwa. Taa zinasema nenda, yeye anasema simama. Teksi zinasimama, bodaboda zinapenya. Ni rahisi basi kuzidharau taa hizo na kusema hazina akili yoyote. Lakini zina kitu ambacho kengele ya mlangoni haina. Kengele hulia ikibonyezwa na kunyamaza ikiachwa, wala haijui kama ilikwisha kulia. Taa zinajua zimefika wapi katika mzunguko wao. Baada ya kijani hazirukii kijani cha upande wa pili. Hupita kwanza kwenye chungwa, kisha kwenye nyekundu, na kamwe haziruhusu pande mbili kwa pamoja.

Wahandisi huuita mtambo wa namna hii mashine ya hali zenye kikomo. Maana yake ni kwamba wakati wowote mtambo uko katika hali moja kati ya hali chache zinazohesabika, na kwamba hatua yake ijayo inaamuliwa na mambo mawili tu: hali uliyomo sasa, na taarifa inayouingia. Sisi tusemao Kiswahili hatupaswi kuliona wazo hili kuwa geni. Tunapokutana tunaulizana hali, hatuulizani historia. Anayejibu kwamba hali yake ni njema amefupisha jana na juzi katika neno moja, na neno hilo linatosha kuendeleza mazungumzo.

Leo mashine za hali zimo ndani ya simu, lifti, mita za umeme za kulipia kabla, na katika kila kompyuta. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuitwa mvumbuzi wake. Lakini akitafutwa mtu ambaye maisha yake yanaonyesha jinsi swichi ilivyotoka katika ububu wa kengele hadi kuweza kukumbuka, jina linalokuja mbele ni la Mmarekani Claude Elwood Shannon.

Shannon alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 katika mji wa Petoskey, jimbo la Michigan, akalelewa katika mji mdogo wa jirani uitwao Gaylord. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na kwa muda alikuwa hakimu wa mirathi. Mama yake alifundisha lugha na akawa mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo. Dada yake mkubwa, Catherine, alikuwa hodari wa hisabati, na inaelekea ndiye aliyemtia hamu. Kijana mwenyewe alipenda kufungua vitu na kuvifunga upya. Alitengeneza redio za watu, akaunda vielelezo vya ndege, na akajenga simu ya telegrafu kati ya nyumba yao na ya rafiki yake iliyokuwa umbali wa karibu nusu maili. Hakuwa na fedha za kununua waya wa urefu huo. Alitumia seng'enge ya ua wa mashamba uliokuwa tayari unapita njia hiyo. Fundi yeyote wa Katwe, mtaa wetu wa vyuma na uunganishaji, atamtambua hapo kuwa ni mwenzake.

Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1936 akatoka na shahada mbili, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati. Kitu kilichokuja kumfaa zaidi alikipata pembeni, katika somo la falsafa lililofundisha mantiki. Humo alikutana na kazi za Mwingereza George Boole, aliyefariki mwaka 1864 baada ya kuonyesha kwamba hoja zinaweza kukokotolewa kama hesabu: kweli iandikwe 1, uongo uandikwe 0, na maneno kama na, au, si, yawe alama kama zilivyo za kujumlisha na kuzidisha. Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki kuwa mali ya wanafalsafa na wanahisabati. Wahandisi hawakuwa na haja nalo.

Mwaka huo huo wa 1936 Shannon alikwenda Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, kufanya kazi kwenye mashine kubwa ya kukokotoa iliyojengwa na Vannevar Bush. Mashine hiyo ilikuwa ya mihimili na meno ya chuma, lakini iliongozwa na kisanduku chenye rilei zipatazo mia moja. Rilei ni swichi isiyohitaji kidole cha mtu. Umeme ukipita katika koili yake, koili inakuwa sumaku, inavuta ulimi wa chuma, na ulimi huo unafunga au unafungua njia ya umeme mwingine. Mitandao ya simu ya wakati ule ilijaa rilei kwa maelfu. Mafundi walizipanga kwa uzoefu na kwa kubahatisha. Saketi ikifanya kazi, iliachwa ilivyo, hata kama nusu ya rilei zake hazikuhitajika.

Shannon aliutazama mpangilio huo akamwona Boole. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, umeme unapita tu endapo ya kwanza na ya pili zimefungwa. Zikiwekwa sambamba, unapita endapo ya kwanza au ya pili imefungwa. Kwa hiyo saketi inaweza kuandikwa kama hesabu, hesabu ikafupishwa kwa kanuni za Boole, na matokeo yakajengwa upya kwa rilei chache zaidi. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika hayo katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, na mwaka 1938 yakachapishwa katika jarida la wahandisi wa umeme wa Marekani. Wengi waliokuja baadaye wameiita tasnifu ya uzamili muhimu kuliko zote za karne ile. Ni haki kuongeza kwamba Akira Nakashima nchini Japani na Victor Shestakov mjini Moscow walifikia mawazo ya jirani sana katika miaka hiyo hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Kiingereza cha Shannon na mapana ya jarida lake vilimpa nafasi ambayo wao hawakuipata.

Sehemu kubwa ya tasnifu inahusu saketi zisizokumbuka, yaani zile ambazo jibu lake linategemea tu swichi zilivyo sasa hivi. Lakini mwishoni kuna mifano, na mmojawapo unastahili kusimamiwa kwa muda. Ni kufuli la umeme. Lina vitufe vitano mbele, vilivyopewa majina a, b, c, d na e. Ili kulifungua, lazima ubonyeze kwa utaratibu: kwanza c, kisha b, kisha a na c kwa pamoja, na mwisho d. Ukikosea hatua yoyote, king'ora kinalia. Kuna swichi nyingine ya kulifunga upya, na nyingine ya kunyamazisha king'ora.

Kufuli hilo haliwezi kutengenezwa kwa na, au, si peke yake. Kitufe b kikibonyezwa, je, ni sahihi au ni kosa? Haiwezekani kujua kwa kukitazama b. Lazima kufuli lijue kama c kilikwisha kubonyezwa. Na hapo ndipo uzuri wa jambo ulipo: halihitaji kujua zaidi ya hapo. Halihitaji kujua ni nani aliyebonyeza, alichukua muda gani, wala mara ngapi lilifunguliwa mwaka jana. Linahitaji kujua kama liko katika moja ya hali sita: linasubiri, limepata hatua moja sahihi, mbili, tatu, limefunguka, au linapiga king'ora. Yote yaliyopita yamebanwa ndani ya mojawapo ya hali hizo sita. Anayeweka namba yake ya siri katika simu ili kutuma fedha kwa ndugu yake Masaka anazungumza na mjukuu wa kufuli hilo. Menyu inamwuliza namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri, na tarakimu zile zile zikiandikwa kwenye hatua tofauti zina maana tofauti. Akichelewa kujibu, hali inafutwa na anarudishwa mwanzo.

Rilei inawezaje kukumbuka? Jibu linaweza kuonekana Kisenyi, kwenye vinu vya kusaga unga wa posho. Kinu kinawashwa kwa kitufe cha kijani. Msagaji anakibonyeza mara moja na kukiachia, nacho kinarudi juu kwa springi, lakini mota inaendelea kuzunguka. Kilichotokea ni kwamba ulimi wa rilei ulipovutwa, ulifungua njia nyingine ya umeme kuelekea kwenye koili yake yenyewe. Sasa rilei inajishikilia. Itabaki hivyo mpaka kitufe chekundu kikate njia hiyo. Kidole kimeondoka, lakini habari kwamba kidole kilipita imebaki. Na umeme wa mtaa ukikatika, rilei inaachia, inasahau. Umeme ukirudi, kinu hakijiwashi chenyewe. Mikono mingi imeokolewa na usahaulifu huo.

Kinu kina hali mbili, kuzunguka na kusimama, na rilei moja inatosha kuzishika. Rilei mbili zinashika hali nne, rilei tatu zinashika nane, na kufuli la Shannon lenye hali sita, kwa hesabu ya leo, lisingehitaji zaidi ya tatu kwa ajili ya kumbukumbu. Rilei baadaye zilibadilishwa na vali za kioo, kisha transista, na kumbukumbu ya biti moja ikapewa jina la flip-flopu. Hesabu haikubadilika.

Shannon alipata shahada ya uzamivu mwaka 1940, kwa kazi ya hisabati ya urithi wa viumbe ambayo aliiacha kabatini na kuisahau. Mwaka 1941 alijiunga na Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, na miaka ya vita akaitumia katika hesabu za kulenga mizinga dhidi ya ndege na katika maandishi ya siri. Mapema mwaka 1943 alifika hapo Mwingereza Alan Turing. Wote wawili walifanya kazi za siri na hawakuruhusiwa kusimuliana. Walikutana kwenye chai na kuzungumza mambo waliyoruhusiwa: kama mashine inaweza kufikiri. Miaka saba kabla, Turing alikuwa ameeleza mashine ya kufikirika yenye hali chache ndani yake na utepe usio na mwisho wa kuandikia. Mwaka 1956 Shannon alithibitisha kwamba mashine ya Turing inayoweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote haihitaji zaidi ya hali mbili za ndani, mradi iongezewe alama za kuandika. Ni ushahidi ambao wanafunzi wengi huusoma kwa mashaka kabla ya kuukubali.

Kazi iliyompa umaarufu wa dunia ni ya mwaka 1948, nadharia yake ya mawasiliano, iliyotufundisha kuipima habari kwa biti kama tunavyopima sukari kwa kilo. Imeandikwa sana kwingine. Tunaipita hapa ili tufike kwa panya.

Mwaka 1949 Shannon alifunga ndoa na Betty, mwanahisabati mwenzake wa Bell Labs. Ilikuwa ndoa yake ya pili. Ya kwanza ilivunjika mapema. Waliishi New Jersey, na usiku waliunda vitu nyumbani. Mwaka 1950 waliunda panya wa chuma mwenye masharubu ya shaba na sumaku tumboni, wakamwita Theseus, kwa jina la shujaa wa Kigiriki aliyeingia katika nyumba ya vichochoro na kutoka salama. Mke ndiye aliyeunganisha sehemu kubwa ya nyaya, jambo ambalo simulizi nyingi hulitaja kwa nusu sentensi kisha zikaendelea.

Panya aliwekwa katika uwanja wa viwanja vidogo 25, vitano kwa vitano, vilivyotenganishwa kwa kuta zilizoweza kuhamishwa. Mara ya kwanza alipapasa. Alikwenda mbele, akagonga ukuta kwa masharubu, akarudi, akageuka, akajaribu upande mwingine, mpaka akafikia shabaha. Mara ya pili, akiwekwa pale pale, alikwenda moja kwa moja bila kugonga popote. Akiwekwa mahali ambapo hakuwahi kupita, alipapasa mpaka alipokanyaga kiwanja alichokijua, kisha akaongoza njia bila kusita. Kuta zikihamishwa, alijifunza upya. Watu waliotazama walisahau kwamba panya mwenyewe hakuwa na kitu kichwani. Akili yote ilikuwa chini ya sakafu: sumaku inayosukumwa na mota, na rilei zipatazo 75.

Alichokumbuka kilikuwa kidogo mno. Kwa kila kiwanja, alikumbuka tu upande aliotokea mara ya mwisho alipokiacha: kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Pande nne ni rilei mbili. Hakukumbuka safari nzima, wala makosa aliyoyafanya. Kama alizunguka kiwanja kimoja mara tano kabla ya kupata njia, zile nne za kwanza zilifutwa na ya tano. Ndiyo maana mara ya pili hakurudia upumbavu wa mara ya kwanza.

Wachezaji wa mweso wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Anayefika katikati ya mchezo, akakuta wazee wawili wamenyamaza chini ya mwembe, hahitaji kusimuliwa hatua zote zilizopita. Anatazama mashimo, anaambiwa ni zamu ya nani, na kama ni hodari anaweza kumshauri mchezaji papo hapo. Ubao ndio hali. Kete hazisemi zilifikaje zilipo.

Neno kikomo lisitudanganye tukadhani ni uchache. Viwanja 25 vyenye uwezekano wa pande nne kila kimoja vinatoa mipangilio zaidi ya trilioni elfu moja. Panya wa rilei 75 alikuwa na hali zinazohesabika, ndiyo, lakini hakuna binadamu ambaye angeishi muda wa kuzihesabu. Na bado alikuwa na udhaifu ambao Shannon aliueleza wazi mbele ya wataalamu mwaka 1951. Mambo yakibadilishwa ghafla, panya aliweza kunaswa katika duara, akizunguka viwanja vile vile kwa sababu kumbukumbu ya kila kiwanja ilimpeleka kwenye kingine. Ilibidi aongezewe saketi ya kuhesabu: ukizunguka hatua nyingi bila kufika, tupa unayoyajua, anza kupapasa tena.

Mitambo kama hiyo ilihitaji nadharia yake, nayo ilikuja upesi, sehemu kubwa kutoka kwa watu waliomzunguka Shannon. David Huffman wa MIT alichapisha mwaka 1954 njia ya kubuni saketi zinazokumbuka, akianza na jedwali la hali na kuishia na waya. George Mealy wa Bell Labs alifuata mwaka 1955. Mwaka 1956 Shannon na kijana John McCarthy walihariri kitabu cha makala kuhusu mitambo inayojiendesha, na humo Edward Moore, mwenzake wa Bell Labs, akaeleza mfano wake. Majina ya Mealy na Moore ndiyo anayokutana nayo mwanafunzi wa uhandisi hadi leo, na tofauti yao inaweza kuelezwa pale pale Wandegeya. Katika mashine ya Moore, kinachotoka kinategemea hali peke yake: mtambo uko katika hali ya kijani, basi taa ya kijani inawaka, awepo mtu au asiwepo. Katika mashine ya Mealy, kinachotoka kinategemea hali pamoja na kinachoingia wakati huo huo, kama vile taa ingekatisha kijani mara tu gari la wagonjwa la Mulago linapokaribia.

Hapa tunaweza kumrudia askari wetu. Hazishindi taa kwa wingi wa hali. Ukichunguza, mkono wake una hali chache kama zao. Anazishinda kwa macho. Taa za kuhesabu muda hazipokei taarifa yoyote isipokuwa mapigo ya saa yao. Hazijui kwamba upande wa Bombo Road una foleni ndefu na upande wa pili hauna hata pikipiki. Mpe askari upofu wa taa, naye ataongoza magari kama taa. Zipe taa vihisi chini ya lami, nazo zitaanza kuongoza kama askari, ingawa sidhani kama zitaweza kumkemea mtu wa bodaboda.

Mwaka huo huo wa 1956 Moore na Shannon walichapisha kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ingefaa kusomwa zaidi katika miji kama yetu. Waliuliza: ukiwa na rilei mbovu, ambazo kila moja hukosea mara kwa mara, je, unaweza kujenga saketi inayotegemewa? Wakathibitisha kwamba inawezekana, kwa kuzipanga kwa wingi na kwa werevu, kiasi kwamba kosa la moja linafunikwa na nyingine. Uhakika wa mtambo mzima unaweza kuzidi uhakika wa kila kipande chake. Anayetengeneza vitu kwa vipuri vya mtumba hahitaji kuelezwa thamani ya ushahidi huo.

Kutoka mwaka 1956 Shannon alihamia MIT, akawa profesa wa kudumu mwaka 1958. Aliandika machache na kuchezacheza mengi. Nyumbani kwake Winchester alikuwa na baiskeli za gurudumu moja, mashine za kurusha mipira hewani, kikokotoo kilichofanya hesabu kwa tarakimu za Kirumi. Kulikuwa pia na kisanduku kidogo, wazo lake likiwa la Marvin Minsky, chenye swichi moja juu. Ukiiwasha, kifuniko kinafunguka, mkono unatoka, unaizima swichi, unarudi ndani, na kifuniko kinajifunga. Hakuna kingine kinachofanya. Baadhi ya wageni walicheka, wengine walikosa raha. Wenzake walilalamika kwamba mtu wa kipaji kile anapoteza muda. Labda ni kweli, ingawa wao hao ndio waliotumia mitambo iliyotokana na michezo yake ya awali.

Kampala ina uhusiano wa kweli na nyumba hiyo ya elimu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Obafemi Awolowo cha Nigeria, kilishirikiana na MIT katika maabara za mtandaoni zilizoitwa iLab. Vifaa vya elektroniki vilikuwa vichache na wanafunzi wengi, hivyo kifaa kimoja halisi kiliunganishwa na intaneti, na mwanafunzi aliyeketi kwenye kompyuta aliweza kukipa umeme, kubadilisha mipangilio na kusoma vipimo kana kwamba kipo mezani pake. Watu wa Makerere hawakubaki kuwa watumiaji tu. Walijenga majaribio yao wenyewe, ya elektroniki ya dijitali yakiwemo. Anayejifunza leo kuchora duara za hali na mishale ya mipito hufanya hivyo kwa Kiingereza. Lakini Kiswahili, ambacho katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, kina maneno yote anayoyahitaji: hali, mpito, ingizo, tokeo. Neno hali hata linampita mwenzake wa Kiingereza, kwa kuwa halichanganywi na dola.

Shannon alistaafu mwaka 1978. Mwaka 1985 alipewa Tuzo ya Kyoto nchini Japani, na mwaka huo huo alitokea bila kutarajiwa kwenye mkutano wa wataalamu mjini Brighton, Uingereza, ambako watu walipanga foleni kumwomba saini kama mchezaji wa mpira. Waliomjua walikuwa wameanza kuona dalili. Alisahau njia ya kurudi kutoka dukani. Alisahau majina, kisha nyuso. Ulikuwa ugonjwa wa Alzheimer, na katika miaka ya tisini ilibidi apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Betty alikuwa akimtembelea. Intaneti, iliyosimama juu ya kazi yake ya 1937 na ya 1948, ilienea duniani kote katika miaka ile ile ambayo yeye hakuweza tena kuifahamu.

Mwaka 2000 sanamu yake ilizinduliwa Gaylord, mji wa seng'enge, bila yeye kuweza kuhudhuria. Alifariki tarehe 24 Februari 2001 huko Medford, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 84. Betty aliishi hadi mwaka 2017. Panya Theseus na uwanja wake wa viwanja 25 wamo katika Makumbusho ya MIT.